Mpeleke mtoto madukani wakati wa likizo

KILA shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, wazazi wengi hushikwa na wasiwasi. Huamini kwamba mtoto asiyeshika kitabu kutwa nzima amepotea, na kwa hivyo humtafutia mwalimu wa kumfunza likizo yote. Haya yanaendelea ilhali Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, inakataza masomo ya likizo. Hatuna budi kujiuliza: je, elimu ni ile ya ubaoni pekee?

Likizo moja ya Agosti, mimi na mwenzangu tuliwachukua wanetu wawili, tukashinda nao katika maduka ya mji wa Njoro. Hatukuwa na fedha za kutufikisha Mombasa, wala hatukuona haja ya kwenda Nakuru, kilomita 20 hivi kutoka hapa. Kulikuwa na baridi na manyunyu, kama ilivyo ada ya Njoro msimu huo.

Tulianzia duka la nafaka. Mwanangu, ambaye hupata alama nzuri katika hisabati, niliuliza achague lililo nafuu: maharagwe ya gorogoro au yale ya pakiti ya kilo moja. Alinyamaza. Hesabu alizijua, ila hakuwa amewahi kukutana nazo nje ya daftari. Mama mwenye duka akaiweka gorogoro juu ya mizani, kwanza ikiwa na maharagwe, kisha ikiwa na unga. Kijana akaona kwa macho yake kwamba mkebe ule ule hautoi uzito ule ule. Akaomba kalamu, akaanza kugawanya bei kwa kilo bila kushurutishwa na mtu.

Mkate tulionunua duka la pili ulitufikisha mbali zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alijaribu kupanda ngano katika nyanda hizi, ikaangamizwa na kutu, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Hasara hiyo ilichochea utafiti wa mbegu zenye kustahimili, na mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kikaanzishwa papa hapa Njoro. Aina mpya ya kutu iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ilipotishia mashamba ya ulimwengu, ngano ya nchi nyingi ililetwa Njoro kujaribiwa. Ni wanafunzi wangapi wa hapa wanaokula mkate kila asubuhi bila kujua kwamba mji wao una sehemu katika kuulinda?

Hata hivyo, somo kubwa lilitungoja kwa mzee mmoja muuza sukari, sabuni na mafuta ya taa. Binti yangu alimuuliza duka lake lina umri gani. Mzee akatabasamu, akamjibu kwamba hilo lilikuwa la tatu. Mawili ya kwanza, aliyokuwa nayo kijijini, yaliteketezwa kwa moto.

Itakumbukwa kwamba Njoro ilikumbwa na mapigano ya kikabila Januari 1998, na kwamba ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza wengi makwao katika sehemu hizi. Watoto wetu husoma habari hizo kama tarehe za kukariri. Mzee aliwasimulia jambo ambalo halimo vitabuni. Daftari lake la madeni liliungua pamoja na duka la pili. Aliporudi, hakuwa na ushahidi wowote wa kumdai mtu. Lakini majirani, wakiwemo wa kabila ambalo watu walimwambia aliogope, walimjia mmoja mmoja, kila mmoja akitaja mwenyewe alichodaiwa. Kwa fedha hizo alinunua gunia la kwanza la sukari.

"Wote walilipa, babu?" binti yangu akauliza.

"La, mjukuu wangu, si wote," mzee akajibu. "Lakini waliolipa walitosha."

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nasi wazazi twaweza kuandamana na watoto wetu katika ulimwengu huo kabla haujawafunza kwa ukali. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe. Duka la jirani halidai karo.

Kwa walimu nina ombi moja. Kabla ya kufunga shule, wapeni wanafunzi kazi ya kumhoji mwenye duka mmoja: bidhaa zake hutoka wapi, huzipima vipi, na humkopesha nani. Swali hilo la mwisho msiliache. Anayemkopesha mtu sukari leo anatarajia kuwa jirani yake mwezi ujao, na hilo ndilo ningependa wanetu walijue kabla ya uchaguzi wowote kuwafikia.