Mtoto Asiyetaka Uji

Mtoto wa miaka miwili amewekewa uji. Anameza vijiko viwili, anageuza uso. Mama anasema amedeka. Bibi anasema ana mchango, yaani minyoo tumboni. Pengine bibi ndiye anayekaribia ukweli.

Tumezoea kudhani mnyoo humwibia mtoto chakula kilichokwisha kufika tumboni. Humwibia, ndiyo, lakini wizi huanza mapema zaidi: huondoa hamu ya kula, uji ukapoa bakulini katika nyumba ambayo unga wenyewe ulipatikana kwa taabu.

Pemba imeyaona haya kwa muda mrefu. Miaka ya 1990, wanafunzi wa kisiwani walipopimwa choo, karibu wote walikutwa na minyoo, wengi wakiwa na zaidi ya aina moja. Aliyeogopwa zaidi ni mnyoo wa safura, mwenye urefu wa sentimita moja hivi. Akiwa mchanga hukaa kwenye udongo wenye unyevu, hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Neno safura asili yake ni Kiarabu, lina maana ya umanjano. Waliolichagua hawakuwa na hadubini. Waliutazama uso wa mgonjwa. Waliona pia kwamba hupenda kula udongo.

Mwaka 2004, mtafiti Rebecca Stoltzfus na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Pemba kwa watoto wa chini ya miaka sita. Waliopewa dawa ya minyoo, mebendazole, kila baada ya miezi mitatu, kwa mwaka mmoja, walirudiwa na hamu ya kula, kwa maelezo ya mama zao. Kukonda kulipungua, lakini kwa wale wa chini ya miezi 30 tu.

Hapo ndipo penye swali. Kampeni zetu nyingi hugawa dawa shuleni, kwa sababu huko watoto wamekwisha kukusanyika na mwalimu yupo. Ni rahisi, na inafaa. Lakini anayefika darasa la kwanza amekwisha kupita umri ambao mwili ulihitaji msaada zaidi, na mdogo wake amebaki uani, anatambaa pale pale. Tena dawa peke yake haitoshi: jike mmoja wa aina nyingine, mnyoo mkubwa wa mviringo, anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Choo cha shimo kikifurika wakati wa masika, mayai hayo yanarudi mikononi mwa mtoto aliyemeza kidonge juzi.

Shirika la Afya Duniani huruhusu dawa hizi kuanzia umri wa miezi 12. Kwa albendazole, dawa nyingine ya minyoo, asiyetimiza miaka miwili hupewa nusu kidonge, kikisagwa na kuchanganywa na maji asije akapaliwa.