Nyota Aliyefifia: Tumpe Sadaka au Ujira?

Wahenga walinena kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Methali hii nimeisikia tangu utotoni kwetu Mombasa, lakini sikupata kuupima uzito wake mpaka majuzi, nilipokuwa nimeketi barazani hapa mtaani Umoja, Nairobi, nikatakiwa nitoe shauri kama timu yetu imsajili mchezaji mmoja aliyekuwa nyota zamani, na ambaye nyota yake sasa imefifia.

Msomaji wa pwani asiyepata kufika huku na ajue kwamba Umoja ni mtaa wa Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, uliojengwa na Baraza la Jiji katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani. Zile nyumba ndogo ndogo za awali leo zimezungukwa na maghorofa yaliyosongamana, hata jua lenyewe huingia kwa kuchungulia. Viwanja vimebaki vichache, na mpira huchezwa penye vumbi. Hata hivyo mapenzi ya kandanda hayajapungua. Yuko wa Gor Mahia, yuko wa AFC Leopards, nasi wachache tuliotoka pwani tuna Bandari yetu. Juu ya hayo, sote tuna timu yetu ya mtaa, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa mambo yake ni ya nyumbani.

Mimi ndiye mweka hazina wa timu hiyo. Hazina yenyewe ni daftari moja na bahasha. Fedha zake ni michango ya wenye maduka, ya makondakta wa matatu na ya wazazi, nazo huishia katika nauli, maji ya kunywa na viatu vya vijana.

Basi akatokea bwana mmoja, jirani yetu, ambaye vijana humwita Fundi. Enzi zake alicheza ligi kuu, na watu walilipa kiingilio kumtazama. Sasa ana miaka 37, goti linamsumbua, kazi hana, na kodi ya nyumba haimngoji. Akaja kwa heshima zake, akaomba asajiliwe, apewe chochote kila mechi.

Kikao kikagawanyika pande mbili. Mzee mmoja, shabiki wa tangu zama za Joe Kadenge, alisema, "Jina lake peke yake litajaza uwanja. Hamjui mlicholetewa!" Kocha akamjibu bila kuficha, "Mzee wangu, jina halikimbii. Pesa atakazochukua huyu ni viatu vya watoto wanne." Kisha wote wakanigeukia mimi mwenye bahasha.

Nilikosa la kusema, nikaomba siku tatu. Baada ya sala ya alasiri nikamwendea maalim wetu wa madrasa, mzee wa Lamu, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, mwataka kumpa sadaka au ujira? Ikiwa ni sadaka, mpeni usiku, asijue mtu. Ikiwa ni ujira, andikianeni. Msivichanganye viwili hivyo, mtamvunjia mtu heshima yake."

Maneno hayo yalinikesha. Nikaanza kuwapitisha akilini wachezaji wakubwa waliopata kuitwa tena baada ya siku zao kupita, nipate kuona wapi palifaulu na wapi palikwama.

Mwaka 2003 Afrika Mashariki ilijaaliwa vijana wawili, wote waliozaliwa mwaka 1985, wote wakiwa na miaka 18. Mwezi wa Julai, hapa hapa Nairobi, Dennis Oliech wa Mathare United aliifungia Harambee Stars bao lililoilaza Cape Verde 1-0 na kuipeleka Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2004, mashindano ambayo hatukuyaona tangu 1992. Mwaka huo huo, Juma Kaseja alikuwa langoni wakati Simba ya Dar es Salaam ilipoing'oa Zamalek ya Misri, iliyokuwa bingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti huko huko Cairo.

Oliech akaenda Qatar, kisha Ufaransa, ambako aliichezea Nantes na halafu Auxerre, aliyokuwa nayo ilipoingia Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mwaka 2010. Kaseja akabaki Tanzania, akawa jina kubwa la Simba na Taifa Stars kwa miaka mingi. Lakini dunia ni mzunguko. Mwaka 2013 Simba ikaachana na Kaseja, akaenda kwa watani wao Yanga, nako mambo hayakumnyookea. Baadaye akaonekana Mbeya City, Kagera Sugar, na hatimaye KMC ya Kinondoni. Oliech naye, baada ya Ajaccio na Dubai, akakaa muda mrefu bila timu.

Ukaja mwaka 2019, na wote wawili wakaitwa tena. Januari, Gor Mahia ilimsajili Oliech akikaribia miaka 34. Mashabiki walishangilia kana kwamba ndiye yule kijana wa 2003 aliyerudi. Mabao machache alifunga, na timu ikatwaa ubingwa wa ligi msimu huo, lakini mwili uliokaa mbali na mpira kwa muda mrefu hauamki kwa makofi. Kabla mwaka haujakwisha walikuwa wameachana, na kilichobaki kikawa mzozo wa mkataba. Nani mwenye makosa, si kazi yangu kuhukumu. Nasema tu kwamba mashabiki wengi walidhani wamesajiliwa mchezaji, kumbe walichokuwa wakikitaka ni kumbukumbu.

Kaseja njia yake ilikuwa nyingine. Etienne Ndayiragije, aliyekuwa kocha wake KMC, alipokabidhiwa Taifa Stars alimwita. Mwaka huo, katika mechi za kufuzu CHAN, Kenya na Tanzania zilitoka suluhu Dar es Salaam mwishoni mwa Julai, zikatoka suluhu tena mwezi wa Agosti Kasarani, mwendo mfupi kutoka hapa Umoja. Ikawa ni penalti. Kaseja, mwenye miaka 34, akapangua, Tanzania ikashinda 4-1, nasi tukarudi nyumbani vichwa chini. Mwezi uliofuata Taifa Stars ikaitoa Burundi kwa penalti vile vile.

Tofauti iko wapi? Ni kweli kwamba mlinda lango huzeeka taratibu kuliko mshambuliaji. Lakini liko jingine. Ndayiragije hakuliita jina. Alikuwa amemwona mtu huyo mazoezini kila siku, akajua ana nini kilichobaki.

Tumwangalie na Roger Milla wa Kameruni. Mwaka 1990 alikuwa na miaka 38, amekwisha kuiaga timu ya taifa na kuhamia kisiwa cha Reunion. Rais Paul Biya akataka arudishwe. Kule Italia alifunga mabao manne, mawili dhidi ya Romania na mawili dhidi ya Kolombia, na Kameruni ikafika robo fainali, nchi ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Wengi hukumbuka alivyocheza ngoma penye kibendera cha kona. Wachache hukumbuka kwamba mabao yote manne aliyafunga akiwa ameingia kutoka benchi. Hakutakiwa awe kijana kwa dakika 90. Alitakiwa atoe ukoko wa jungu, akautoa.

Siku ya tatu nikarudi kikaoni na shauri langu. Nikawaambia: tusilisajili jina, tusajili kazi. Tumtazame mazoezini wiki mbili kama mchezaji mwingine yeyote. Akifaa, aingie nusu saa ya mwisho, na Jumanne na Alhamisi awafundishe washambuliaji wetu wadogo. Alipwe siku ile ile. Goti likikataa, kazi ya kufundisha ibaki pale pale na ujira wake ubaki pale pale, mpaka mashindano yaishe. Na yote hayo yaandikwe, yashuhudiwe. Wasomaji wangu wanajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ikiwa Mola wetu amelipa jambo hilo nafasi kubwa namna hiyo, sisi wa mtaani ni nani hata tufanye mambo kwa kuaminiana midomo?

Kocha hakufurahi, lakini alikubali. Na wale waliotaka kumsaidia Fundi kwa kodi ya nyumba tuliwaomba wafanye hivyo kwa siri, mbali na bahasha ya timu.

Mechi ya kwanza Fundi aliingia zikiwa zimebaki dakika 25. Sitawadanganya kwamba alifanya miujiza. Alipiga mpira mmoja wa adhabu ukapaa juu ya mlingoti, na watoto wakacheka. Lakini mara mbili nilimwona akimshika bega kijana wetu wa mbele, akimwonyesha kwa kidole mahali pa kusimama, na mara ya pili mpira ukamkuta kijana pale pale, akasawazisha. Tukatoka 1-1.

Jioni alikuja kwangu kuchukua haki yake. Nilimfungulia daftari, akahesabu noti zake bila haraka, akatia saini mbele ya jina lake chini ya majina ya wenzake. Kisha akanitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya siku alipokuja kuomba, akasema:

"Mweka hazina, sina deni lako, nawe huna langu. Tuonane Jumanne."