Mtoto wa Jicho Ametolewa, Mbona Bado Haoni Vizuri?

WATU wengi huamini kwamba mzee akishafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kazi imekwisha. Bendeji inatolewa, ukungu umeondoka, na familia inamshukuru Mungu. Lakini katika baadhi ya nyumba furaha hiyo hupungua baada ya majuma machache. Mama anaona rangi vizuri na anamtambua mjukuu akiwa mlangoni, ila nambari ya matatu inamshinda kusoma. Usiku, taa za magari anaziona zikiwa na mikia. Hapo ndipo lawama huanza: daktari alikosea, ama lenzi aliyowekewa ni hafifu.

Mara nyingi sivyo. Huenda upasuaji ulifanywa barabara, na kilichobaki ni kasoro nyingine ambayo mgonjwa alikuwa nayo tangu zamani. Kasoro hiyo wataalamu huiita astigimatizimu. Jambo ambalo kila familia inafaa kujua ni kwamba inaweza kupimwa mapema, na mgonjwa akaamua pamoja na daktari wake jinsi itakavyoshughulikiwa. Wakati wa kuuliza ni kabla ya upasuaji, si baada yake.

MPIRA WA KANDANDA NA WA RAGA

Jicho lina sehemu mbili zinazokusanya mwanga ili tuone. Ya kwanza ni konea, ule utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho, mfano wa kioo cha saa. Ya pili ni lenzi, iliyo ndani, nyuma ya mboni. Mtoto wa jicho ni lenzi hiyo inapopoteza uangavu wake, hasa kwa sababu ya umri. Daktari huitoa na kuweka nyingine ya kutengenezwa.

Konea, hata hivyo, hubaki ile ile. Nayo ndiyo hufanya karibu thuluthi mbili za kazi ya kukusanya mwanga. Konea nzuri imepinda sawasawa pande zote, kama mpira wa kandanda. Yenye astigimatizimu imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mpira wa raga. Mwanga unaopita hapo haukutani mahali pamoja, na kitu huonekana kana kwamba kimevutwa.

Kasoro hii si ugonjwa mpya. Mnamo 1825 mtaalamu wa nyota wa Uingereza, George Airy, aliyekuwa nayo katika jicho lake la kushoto, alibuni lenzi ya miwani ya kuirekebisha. Miwani ya aina hiyo ingali inatumika hadi leo.

MKATO UNAPOPINDA KONEA

Daktari Harold Ridley wa London ndiye aliyeanza kuweka lenzi za kutengenezwa ndani ya jicho mwaka wa 1949. Kwa miaka mingi baadaye, madaktari walilazimika kufungua jicho kwa mkato wa milimita 10 au zaidi, kisha wakaushona kwa nyuzi. Uzi ukikazwa kupita kiasi, konea ilivutika ikabadilika umbo. Hivyo basi upasuaji wenyewe uliweza kumletea mgonjwa kasoro ambayo hakuwa nayo.

Mnamo 1967 Mmarekani Charles Kelman alileta mbinu ya kuvunjavunja lenzi iliyoharibika kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia tundu dogo. Siku hizi mkato wa mbinu hiyo huwa chini ya milimita 3. Hapa kwetu kuna pia mbinu isiyohitaji mashine hiyo ghali, ambayo mkato wake ni wa milimita 6 hivi na hujifunga wenyewe bila nyuzi. Imewasaidia watu wengi katika kambi za matibabu ya macho, ingawa mkato wake huigusa konea zaidi kuliko ule mdogo.

NJIA NNE

Kwanza, daktari anaweza kuchagua mahali pa kukata. Mkato hulegeza konea pale ulipopita. Ukiwekwa kwenye upande uliopinda zaidi, hupunguza kasoro ikiwa ni ndogo.

Pili, anaweza kuongeza mikato mingine midogo ukingoni mwa konea. Shabaha ni ile ile, kuulegeza upande uliojikunja.

Tatu ni lenzi ya toriki. Hii huwekwa ndani ya jicho kama lenzi ya kawaida, ila imeundwa iwe na nguvu tofauti kwa pande tofauti ili kufidia mpindo wa konea. Nchini Marekani iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1998. Siri yake iko katika kuilaza sawasawa. Ikikosea mwelekeo kwa digrii 1, hupoteza takriban asilimia 3 ya faida yake. Ikikosea kwa digrii 30, faida yote imekwenda. Kwa kuwa jicho huzunguka kidogo mtu anapolala, madaktari wengi humtia mgonjwa alama ya wino kwenye jicho akiwa bado ameketi. Wengine huongozwa na mitambo ya picha.

Nne ni miwani, na isidharauliwe. Mzee aliyewekewa lenzi ya kawaida anaweza kupimwa miwani baada ya jeraha kupona na akaona vyema kabisa.

JE, TUUZE NG'OMBE?

Lenzi ya toriki hugharimu zaidi, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Ukweli ni kwamba si kila mtu anaihitaji. Takriban thuluthi moja ya wagonjwa wa mtoto wa jicho wana kasoro ya dayopta 1 au zaidi kwenye konea. Hao ndio ambao aghalabu hushauriwa kuifikiria. Wengine wengi hawana haja nayo.

Isitoshe, lenzi ya toriki ya kawaida humsaidia mtu kuona mbali. Kusoma gazeti kutahitaji miwani bado. Tena, ikiwa konea ina kovu, au jicho limeharibiwa na ugonjwa wa sukari ama presha ya jicho, huenda pesa hizo zisilete matokeo mliyotarajia.

Kosa kubwa zaidi ni kumwacha mzee gizani mwaka mzima huku mkichanga pesa za lenzi ghali. Lenzi ya kawaida pamoja na miwani ni afadhali mara elfu kuliko kungoja.

VIPIMO NDIVYO MSINGI

Lenzi yoyote haiwezi kushinda vipimo vilivyokosewa. Anayevaa lenzi za kubandika juu ya jicho huambiwa aziache kwa muda kabla ya kupimwa, kwa sababu hubadili umbo la konea. Jicho kavu nalo linafaa kutibiwa kwanza.

Katika nchi zetu zenye jua kali na vumbi, kuna pia kile kinyama kinachotambaa kutoka kwenye weupe wa jicho hadi juu ya konea. Kinyama hicho huivuta konea na kuipotosha. Kikiwa kikubwa, huenda daktari akakitoa kwanza, kisha angoje konea itulie ndipo apime.

Basi mnapompeleka mzazi hospitalini, ulizeni haya: Konea yake imepimwa? Kasoro ni dayopta ngapi? Atahitaji miwani ya mbali, ya karibu, au zote mbili? Gharama ya kila lenzi ni gani? Kuna ugonjwa mwingine ndani ya jicho?

Baada ya upasuaji, akisema uwezo wake wa kuona umebadilika ghafla, msimwambie avumilie. Lenzi ya toriki iliyozunguka inaweza kurudishwa mahali pake, na ni rahisi zaidi ikigunduliwa mapema. Akiwa na maumivu makali au jicho jekundu, arudi hospitalini siku hiyo hiyo.

Wazee wetu wengi huona haya kumsumbua daktari kwa maswali. Mwana au mjukuu aliyefuatana naye na amwulizie. Kuuliza si ujinga.