Dau la Uongo katika Minada ya Majina ya Intaneti

Muuzaji wa mitumba katika soko la Karume, Ilala, anapoinua shati na kulinadi, wanunuzi huwa wamemzunguka, na kila atajaye bei huonekana uso wake. Muuzaji aweza kumpanga jamaa yake asimame kundini na kutaja bei asizokusudia kulipa. Hata hivyo, jamaa huyo hawezi kuifanya kazi hiyo kila siku bila kutambuliwa. Hila hii ya kale imepata makao mapya mahali ambapo nyuso hazionekani kabisa, yaani katika minada ya majina ya intaneti.

Jina la intaneti, liitwalo pia jina la kikoa, ni anwani ambayo kwayo tovuti hupatikana. Hakuna majina mawili yaliyo sawa duniani. Kwa majina yaishiayo na .tz, ambayo usajili wake ulikabidhiwa tzNIC, asasi iliyoanzishwa mwaka 2006, kanuni ni kwamba atanguliaye kuomba ndiye apewaye, naye hulipa ada kila mwaka. Lakini majina mengi mafupi na mazuri yaishiayo na .com yalikwisha kuchukuliwa zamani. Mwenye kuyataka leo hana budi kuyanunua kwa wenyewe, na mara nyingi kwa mnada. Hivyo mfanyabiashara wa vipuri wa Mchafukoge, atafutaye jina la duka lake, aweza kujikuta akishindana na watu walioko Marekani au Ulaya, au na watu wasiokuwapo.

Ili kuelewa jinsi dau la uongo linavyofanya kazi, yafaa ieleweke kwanza kwamba katika mnada wa kupanda bei, mshindi halipi kiasi anachokithamini kitu. Hulipa kidogo tu zaidi ya kile ambacho mshindani wake wa mwisho alikuwa tayari kutoa. Kwa maneno mengine, bei huamuliwa na aliyeshindwa. Mwanauchumi William Vickrey alilichambua jambo hili katika makala yake ya mwaka 1961, na mwaka 1996 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli.

Chukulia kwamba mfanyabiashara wetu yu tayari kulipa hadi shilingi 900,000 kwa jina fulani, na mshindani wake wa pekee hadi 500,000. Kila dau hupanda kwa 20,000. Mnada ukiwa wa haki, mshindani ataachia 500,000, na jina litauzwa kwa 520,000. Sasa muuzaji afungue akaunti ya pili kwa jina la kubuni, apandishe hadi 800,000, kisha anyamaze. Mfanyabiashara atashinda kwa 820,000, na pengine atafurahi! Amepoteza 300,000 bila kuona dalili yoyote, kwa kuwa mdanganyifu hakuhitaji kushinda. Alihitaji kushindwa mahali panapofaa.

Ugumu wa mdanganyifu ni kujua mahali pa kukoma, kwani akipita 900,000 atabaki na jina lake mwenyewe na pengine ada ya mnada juu yake. Akikosea hivyo, humwandikia aliyeshindwa kwamba mnunuzi wa kwanza ameshindwa kulipa, na kumpa nafasi ya kulichukua jina kwa dau lake la mwisho. Dau hilo, bila shaka, ndilo lililokwisha kupandishwa kwa uongo.

Hatari huwa kubwa zaidi mdanganyifu anapokuwa ndani ya nyumba ya mnada. Mnamo Novemba 2009 kampuni ya Marekani iitwayo SnapNames, iliyokuwa ikinadi majina ya intaneti, ilitangaza kwamba mfanyakazi wake mmoja alikuwa akishindana na wateja tangu mwaka 2005 kwa jina la uongo la "halvarez". Kampuni ilieleza kwamba takriban asilimia 5 ya minada yake iliguswa, na kwamba pale mfanyakazi huyo aliposhinda, nyakati nyingine alijirudishia kwa siri sehemu ya fedha. Wateja waliahidiwa kurudishiwa tofauti ya bei pamoja na riba. Miaka minne ilikuwa imepita.

Kumbukumbu za minada huacha alama. Akaunti ya uongo hutokea mara kwa mara katika mauzo ya muuzaji yule yule, hupandisha upesi baada ya kila dau la mwingine, na haishindi ila kwa nadra. Hata hivyo, mnunuzi mwaminifu mwenye mfuko mdogo naye hushindwa mara nyingi, kwa hiyo alama moja haitoshi kumhukumu mtu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, haimkatazi muuzaji kuweka bei ya chini, wala kujitajia dau, mradi haki hiyo imetangazwa kabla. Akifanya kwa siri, mnunuzi aweza kuyahesabu mauzo kuwa ya udanganyifu. Lakini sheria hiyo ilitungwa kwa vitu vya kushikika, kama shati la Karume. Jina la intaneti ni haki ya matumizi itokanayo na mkataba, na wanasheria wanaweza kubishana kama ni bidhaa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu udanganyifu ufanywao kwa kompyuta, lakini muuzaji na akaunti zake huenda wako katika nchi nyingine, na mnunuzi wa Mchafukoge ana jina la kubuni tu la kumpelekea polisi.