Tunduma ikitaka kumpa kila mwanafunzi kikombe cha maziwa

Marekani, shule iliyo katika mpango wa taifa wa chakula cha mchana hulazimika kuwa na maziwa mezani, kama mililita 240 kwa kila mtoto. Kwetu shule za kutwa hutegemea zaidi michango ya wazazi, na kinachopikwa ni uji au makande. Tukitaka kuongeza maziwa Tunduma, tuanze na hesabu.

Chukua shule ya wanafunzi 1,000. Kila mmoja akinywa mililita 200, zinahitajika lita 200 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo, ni lita 38,800 kwa mwaka. Tuseme lita moja ni shilingi 1,500: kikombe kitagharimu shilingi 300, mtoto mmoja shilingi 58,200 kwa mwaka, na shule nzima shilingi milioni 58.2, kabla ya kuni na sufuria za kuchemshia. Mzazi wa watoto wanne hawezi. Lakini faida si ndogo: mtoto huyo angepata lita 38.8, zaidi ya nusu ya lita 67 hivi anazokadiriwa kunywa Mtanzania kwa mwaka.

Hata fedha zikipatikana, maziwa yatoke wapi? Ng'ombe wa kienyeji akibakiza lita mbili za kuuza baada ya ndama kunyonya, shule hiyo moja inahitaji ng'ombe 100 wanaokamuliwa. Chotara wa lita nane wangetosha 25. Kiangazi malisho yakikauka, hesabu hiyo inavurugika, na shule bado zimefunguliwa.

Kenya ilianza maziwa ya Nyayo mwaka 1979: pakiti za mililita 200, bure, nchi nzima. Watoto waliyapenda sana. Serikali ilipolemewa na gharama, mpango ukafifia na kufa. Kwa hiyo mimi ningeanza na kidogo kinachoweza kudumu.

Awali, darasa la kwanza na la pili, tuseme watoto 300, wanywe mara mbili kwa wiki. Hizo ni lita 60 kwa siku ya kunywa, na kwa siku 78 ni lita 4,680, yaani shilingi milioni 7.02. Kikundi cha wafugaji chenye chotara wanane kinaweza kuhudumia shule mbili: moja Jumatatu na Alhamisi, nyingine Jumanne na Ijumaa. Mwalimu wa zamu apime kwa laktomita kabla ya kupokea, kwa sababu maziwa yaliyotiwa maji ni wizi kwa mtoto.

Zinabaki Jumatano, na siku 171 ambazo shule zimefungwa na ng'ombe anakamuliwa vilevile. Hapo Tunduma ina bahati: ni mji wa mpakani, wenye migahawa, mama lishe na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mkataba wa shule uandikwe sambamba na wa wanunuzi hao, mfugaji asije akauza ng'ombe mwezi Desemba.