Wastani na Jirani Zake: Tatizo la Istilahi katika Takwimu

Katika kupitia tafsiri za taarifa za kiserikali na miswada ya vitabu vya hisabati, tumekutana mara kwa mara na neno moja lililobebeshwa mizigo miwili. Neno hilo ni wastani. Katika ukurasa mmoja mfasiri hulitumia kwa maana ya jumla iliyogawanywa kwa idadi. Katika ukurasa unaofuata hulitumia kwa ile thamani inayosimama katikati baada ya tarakimu kupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Hizi ni dhana mbili, na kuzichanganya kuna madhara.

Tuchukue mfano wa kubuni wa ofisi yenye watumishi 7 ambao kwa mwezi hupata shilingi 200,000, 200,000, 220,000, 250,000, 280,000, 350,000 na 2,000,000. Jumla ni 3,500,000, nayo ikigawanywa kwa 7 hutoa 500,000. Mshahara ulio katikati ni wa nne, yaani 250,000. Mfasiri akiandika kwamba nusu ya watumishi hupata chini ya wastani, atakuwa amesema lisilo kweli, kwani walio chini ya 500,000 ni 6 kati ya 7. Na afisa atakayepanga ada au makato kwa kuitegemea tarakimu ya 500,000, akidhani kuwa ndiyo hali ya mtumishi wa katikati, atawaumiza watu ambao hakukusudia kuwaumiza.

Kosa hili lina asili yake. Wastani limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya katikati, na katika mazungumzo ya kila siku maana hiyo haijatoka: twasema mtu wa kimo cha wastani, wala hatukusudii kwamba tumewapima watu wote tukagawanya. Mazungumzo hayaamrishwi. Lakini katika somo la takwimu (neno ambalo nalo zamani lilikuwa na maana ya kalenda) shule zimekwisha kulizoea neno wastani kwa dhana ya jumla iliyogawanywa, nasi tunashauri libaki hapo, wala lisitumike kwa dhana nyingine.

Je, thamani ya katikati tuiite nini? Desturi yetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, na neno kati lilitupendeza mwanzoni. Hata hivyo, neno hilo lina shughuli nyingi mno. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilipoiweka Tanzania katika kundi la chini la nchi za kipato cha kati, maneno “uchumi wa kati” yalienea kila mahali. Kipimo kinachotumika kuzipanga nchi katika makundi hayo ni pato la taifa likigawanywa kwa idadi ya watu, yaani wastani! Tukisema “kipato cha kati” kwa maana ya kitakwimu, msomaji atakwenda njia nyingine kabisa. Kwa sababu hiyo, safari hii tunaona ni afadhali kupokea neno la kigeni, mediani, ambalo halina maana nyingine ya kulivuta. Tarakimu zikiwa shufwa, mediani ni wastani wa zile mbili za katikati.

Modi, yaani thamani inayojitokeza mara nyingi zaidi (200,000 katika mfano wetu), haina ugomvi.

Kuhusu jinsi tarakimu zinavyosambaa, neno mtawanyiko linafaa na linaeleweka. Ugumu uko katika vipimo vyake. Wanafunzi watano wa darasa moja wamepata alama 48, 49, 50, 51 na 52. Wa darasa jingine 10, 30, 50, 70 na 90. Wastani ni 50 kote, na mediani ni 50 kote, lakini hakuna mwalimu atakayeyafundisha madarasa hayo kwa namna moja. Umbali wa kila alama kutoka kwenye wastani tunauita mchepuko, kutokana na kuchepuka njiani. Katika darasa la pili, tukipuuza alama za kutoa, wastani wa michepuko ni 24. Lakini tukiipandisha michepuko kwenye kipeo cha pili, tukatafuta wastani wake, tunapata 800, ambayo ni variansi. Na kipeuo chake cha pili ni takribani 28.3. Hicho ndicho kinachoitwa mchepuko sanifu.

Baadhi ya walimu hawalipendi neno sanifu hapa, kwa kuwa humkumbusha mwanafunzi Kiswahili Sanifu, kana kwamba kuna mchepuko uliopitishwa na kamati. Wao husema “mchepuko wa wastani”. Malalamiko yao tunayaelewa, lakini pendekezo lao hatuwezi kulikubali: jina hilo ni haki ya ile 24, na 24 si 28.3. Kwa Kiingereza pia istilahi hii si ya kale wala haijielezi; Karl Pearson aliianzisha katika miaka ya 1890, na ile ya variansi ilitolewa na R. A. Fisher mwaka 1918.

Limebaki jina la tofauti kati ya tarakimu kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote, ambayo katika madarasa yetu mawili ni 4 na 80. Wapo wanaosema upeo, lakini upeo ni mwisho mmoja tu. Wapo wanaosema masafa, nalo lina kazi katika redio. Hatujaridhika na lolote kati ya hayo. Kwa sasa tunawaomba wafasiri waandike kwa kirefu, “tofauti ya kubwa na ndogo”, na walio na pendekezo watuletee.