MAFUTA NI MSHAHARA: TUYATUMIE KWA AKILI



Alfajiri hapa Nkoma, Mbale, kabla jua halijachomoza juu ya Wanale, wenzetu wa zamu ya asubuhi wamekwisha kutoka majumbani. Mmoja amepanda boda boda, mwingine anasubiri teksi ijae, wa tatu anamwamsha turniboi wake ili lori liondoke mapema kwenda Jinja. Wote watatu wanatumia mafuta. Hata yule asiyekuwa na gari wala baiskeli hulipa petroli kila siku, katika nauli na katika bei ya sukari, sabuni na posho. Ndiyo maana tumeona vema kuzungumza juu ya mafuta katika ukurasa huu. Hili si jambo la matajiri wenye magari peke yao.

Nchi yetu haina bahari. Mafuta yetu hushushwa Mombasa, husukumwa kwa bomba mpaka Eldoret na Kisumu, kisha hupakiwa katika malori na kuvuka mpaka wa Malaba na Busia. Njia ikizibwa mahali pamoja, sisi ndio tunaoumia. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1976, Kenya ilipozuia mafuta yetu baada ya mambo ya Entebbe. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilikausha pampu zetu. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya kupimwa Korona na malipo yake, na bei ikapanda tena. Baadaye mwaka huo huo vita vya Ukraine vikaongeza mzigo.

Tukumbuke jambo moja. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kubadili utaratibu huo, lakini Rais hakuutia saini. Basi katikati ya mwaka 2022 lita moja ya petroli ilipita shilingi 6,000. Yaani mshahara wa mwezi mzima, kwa maandishi ya sheria, haukutosha kununua lita moja! Hatuwezi kuipangia dunia bei ya mafuta. Lakini yaliyo mikononi mwetu, na chini ya miguu yetu, tunaweza kuyatengeneza.

MGUU WA DEREVA

Mafuta mengi hupotea katika mguu wa kulia. Dereva anayekanyaga kwa nguvu, kisha akafunga breki ghafula, amenunua mwendo kwa petroli na kuutupa. Dereva mzuri hutazama mbali. Akiona matuta mbele, au ng'ombe wanavuka, huondoa mguu mapema na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Huondoka polepole, na hupanda gia mapema bila kuichosha injini.

Mwendo wa kasi nao una gharama yake. Upepo unaolizuia gari hauongezeki sawasawa na mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, bali nguvu ya upepo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Na faida yake ni nini? Kutoka Jinja mpaka Kampala ni kama kilomita 80. Kwa mwendo wa 80 utatumia saa moja, na kwa mwendo wa 100 utatumia dakika 48. Dakika 12 hizo utazipata kama barabara ni tupu, na sote tunaijua barabara hiyo. Magari ya Lugazi na Mukono yatazichukua zote, nawe umekwisha kuchoma mafuta na kuhatarisha roho za watu.

Halafu kuna injini inayonguruma bila kwenda. Gari dogo likisimama na injini ikiwaka hula kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa saa, na lori kubwa la dizeli hula lita 2 au 3. Wenzetu wa malori ya miwa wanaijua foleni ya mizani. Lori likinguruma kwa saa mbili hapo, lita 4 mpaka 6 zimekwenda hewani na hakuna muwa hata mmoja uliosogea. Ukijua kwamba utasimama zaidi ya dakika moja au mbili mahali salama, zima injini.

TEREMKO SI MAFUTA YA BURE

Hapa tunasema kwa mkazo. Wako madereva wanaoweka nyutro, au hata kuzima injini kabisa, wakiteremka kutoka Kapchorwa au Bududa. Wanasema wanaokoa mafuta. Hiyo ni hadithi ya zamani, na imekwisha kuua watu.

Katika magari mengi ya siku hizi, yenye kompyuta ya kupima mafuta, ukiondoa mguu huku gari liko ndani ya gia, mafuta hukatwa yenyewe na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini hulazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa hiyo nyutro hula zaidi! Magari ya zamani ya kabureta ni tofauti kidogo, lakini hatari ni ile ile. Gari lisilo ndani ya gia hutegemea breki peke yake. Breki zikipata moto hazishiki tena. Na ukizima injini, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Teremka kwa gia ndogo, polepole. Lita moja haina thamani ya maisha ya turniboi wako.

TAIRI NA GEREJI

Tairi lisilo na upepo wa kutosha ni kama mtu anayetembea katika tope: huchoka upesi na hula zaidi. Pima upepo angalau mara moja kila wiki mbili, asubuhi tairi zikiwa baridi. Kipimo kimeandikwa karibu na mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi zilizochakaa, mnyororo wa pikipiki uliolegea na mkavu, breki zinazokwaruza gurudumu, vyote hivyo ni wezi. Ondoa pia mizigo isiyo na kazi, pamoja na kichanja cha juu ya gari ambacho hukihitaji.

Tupige hesabu ya boda boda. Tuseme ndugu yetu huenda kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na lita ni shilingi 5,000. Pikipiki ikiwa nzima huenda kilomita 40 kwa lita. Ikiachwa bila matengenezo huenda 32. Tofauti ni zaidi ya lita 16 kwa mwezi, yaani kama shilingi 81,000. Mnyororo, plagi na oili havifiki bei hiyo. Bandu bandu huisha gogo.

Tena, epuka petroli ya chupa na jerikani za kando ya barabara. Huenda imechanganywa na mafuta ya taa, nayo huharibu injini. Wala usiweke petroli katika nyumba unamolala watoto.

UKINUNUA GARI

Wapo wafanyakazi ambao kwa akiba ya miaka mingi, au kwa mkopo wa chama cha akiba, hufikia kununua gari lililotumika Japani. Tunawaomba wasitazame rangi na ukubwa tu. Gari halinunuliwi mara moja. Hununuliwa kila siku kwenye pampu.

Mtu anayekwenda kilomita 30 kwa siku, siku 26, amekwenda kilomita 780 kwa mwezi. Gari dogo la injini ya lita moja na nusu, likila lita 7 kwa kilomita 100, litahitaji karibu lita 55. Gari kubwa la kupanda milima, likila lita 12, litahitaji karibu lita 94. Tofauti ni lita 39. Kwa bei ile ile ya 5,000 ni shilingi 195,000 kila mwezi. Jiulize: je, kila siku unapanda mlima, au unakwenda kiwandani na kurudi? Jambo la mwisho, tangu mwaka 2018 sheria imekataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, na magari makuukuu hutozwa kodi ya mazingira. Usidanganywe na bei ya Mombasa kabla hujajua kodi ya Uganda.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kushirikiana. Watu wanne wa zamu moja wakipanda gari moja na kuchangia mafuta, kila mmoja amelipa robo.

WAAJIRI NAO

Hatutakubali mzigo wote uwe juu ya dereva. Tunamjua dereva mmoja aliyekatwa mshahara kwa kuwa lori lake "lilikunywa" kupita kiasi alichopangiwa. Lilipopelekwa gereji, fundi alikuta breki za nyuma zimekwama. Dereva alikuwa ameripoti mara mbili kwa mdomo, lakini hakuwa na karatasi.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kila dereva awe na daftari: tarehe, kilomita, lita alizotia, mzigo, na ubovu alioripoti. Kiasi cha mafuta ya safari kipimwe kwa safari ya majaribio, yenye mzigo kamili, mbele ya mjumbe wa chama, wala kisitungwe ofisini. Magari yatengenezwe kwa wakati, na foleni ya mizani ipangwe vizuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka juu ya makato ya mshahara. Mtu akikatwa bila uchunguzi, na alete shauri lake kwa mjumbe wetu. Na mwajiri akiokoa fedha kwa ustadi wa dereva, ni haki dereva naye aonje matunda ya ustadi huo.

Huko Jinja, mji wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, kiwanda cha Kiira kimeundwa kwa mabasi ya umeme. Huenda watoto wetu watakwenda kazini kwa nguvu ya mto Nile badala ya mafuta ya Mombasa. Lakini sisi tuna safari ya kesho asubuhi. Basi jioni hii, ndugu, kabla hujalala, pima upepo wa tairi na ufungue ukurasa wa kwanza wa daftari lako.